Reli za Mkono wa Kuume

Tarehe 9, mwezi wa nane

Boti imefika leo, juu ya lori la Fuso lililobeba vitunguu kutoka Aru. Watu wote wa avenyu, majirani wa njia yetu, walitoka kuangalia. Jirani yangu Dorothée akauliza kama Bunia imepata ziwa wakati yeye anafua. Nikamwambia afue tu.

Si mtumbwi wa mbao kama ule tuliouacha kwetu, upande wa Mahagi. Ni alumini tupu, nyepesi, inang'aa kama sufuria ya bibi arusi. Wanaume wanne waliishusha bila hata kuhema. Ametuma Edouard, mdogo wa mume wangu, anayeshughulikia makaratasi ya magari kule mpakani. Akapiga simu: "Shemeji, ambia kaka asimame. Mwanaume hawezi kulala toka Pasaka mpaka Asomsio ya Bikira Maria."

Naandika kwa sababu nyumbani sina tena mtu wa kuongea naye. Kiswahili cha kuandika nilifundishwa na masista, ni cha misa. Mdomo wangu wenyewe hausemi hivi, Dorothée anaujua. Mwezi wa pili, ziwani, kamba ya wavu ilikamatwa na motere, injini ya mtumbwi, na mkono wa kuume wa mume wangu Prudent ukaenda nayo. Daktari alikata juu ya kiwiko. Tulikuja Bunia kwa ajili ya hospitali, tukabaki kwa sababu vita ilifunga njia, halafu kwa sababu hakutaka watu wa kwetu wamwone. Binti yetu Aimée ameolewa mbali. Tuko wawili katika nyumba ya kukodi, mimi na mtu anayesema maneno ya kutosha kuomba chumvi.

Leo alitoka nje. Aliweka mkono wake wa kushoto juu ya ukingo wa boti, akasimama hivyo mpaka jua likamzidi. Akauliza: "Iko yetu kweli?"

Nikasema ndiyo. Nikaenda nyuma ya jiko nikalia kwa furaha, mjinga mimi.

Tarehe 11

Mvua. Boti imejaa mpaka kwenye benchi. Nimetoa maji kwa bakuli.

Tarehe 15, Asomsio

Prudent ameungama! Toka tulipooana sijamwona katika foleni ya maungamo. Alikuwa anasema dhambi zake samaki wanazijua, inatosha. Leo alisimama nyuma ya wamama wote, mkono mfupi ndani ya koti, akangoja zamu yake. Nilimshukuru Mungu kwa sauti mpaka Dorothée akanikanyaga mguu.

Tarehe 16

Mvua. Nimetoa maji.

Tarehe 19

Amekuja fundi Rémy Vahwere, yule wa madirisha, mtu wa Butembo aliyehamia huku na familia yake. Tulimwita kwa sababu Edouard alituma pia mfuko wa vyombo ambavyo hatukuvijua: vishikio vya fimbo za ndoano, kimoja cha taa, kimoja cha kufungia kamba. Kila chombo kina mguu mdogo. Mguu unaingia katika reli iliyofungwa juu ya ukingo wa boti, unateleza mpaka pale unapotaka, halafu unakaza. Hapo fimbo inasimama yenyewe na mvuvi anabaki na mkono wa kuzungusha uzi. Mimi nilielewa mara moja: ni dawa ya mtu wa mkono mmoja. Edouard ana kelele lakini ana akili.

Ila reli zenyewe hazikuwamo mfukoni. Edouard anasema zilikuwamo, Fuso inasema hazikuwamo.

Rémy alishika kishikio kimoja, akakigeuza, akacheka. "Mama, hii mbona ni dirisha? Niko na reli ya dirisha ya kusukuma, ile vitre, kioo, inatembea ndani. Mguu inaingia humu bila hata kulazimisha." Akakimbia na pikipiki, akarudi na kipande. Mguu ukaingia, ukateleza, ukakaa. Prudent aliusukuma huko na huko kwa kidole kimoja, kama mtoto.

Usiku huu amekula sahani nzima ya sombe ya majani ya muhogo.

Tarehe 22

Sijui niandike vipi.

Leo ilikuwa siku ya kupima. Prudent alikaa nyuma kabisa, kule motere inafungwa, akaniambia niingie nikae kwenye benchi ya katikati. Pale ndipo palikuwa mahali pake katika mtumbwi wetu. Jean-Claude, mfanyakazi wetu, alikuwa akishika motere. Yeye Prudent katikati, mkono wa kuume juu ya wavu. Jean-Claude sasa amehamia Uganda na hatarudi.

"Shika chaki," akasema. "Nyosha mukono. Wa kuume. Usijilazimishe. Sawa vile unachukua sufuria ku moto."

Nikanyosha.

"Piga alama pale. Tena mbele kidogo. Pale."

Nilipiga alama zote, na zote ziko upande wa kuume, katikati ya boti. Nilipomaliza niliangalia ile mistari ya chaki, nikaipima tena kwa macho. Reli zote ni za mkono ambao hana. Mtu wa mkono wa kushoto tu atakaa pale afanye nini? Na motere ataishika nani?

Rémy naye aliona. Alikuna kichwa, akasema kwa adabu: "Papa, kwa mutu murefu kama weye, hii iko karibu sana."

"Iko mahali yake," Prudent akajibu. "Kesho utoboe."

Mume wangu amesahau kwamba mkono umekwenda. Au hajasahau, na ndiyo vibaya zaidi. Ningemwambia nini mbele ya mgeni? "Baba Aimée, mkono wako haupo"? Mdomo huu ambao hauogopi askari wa bariere njiani wala wamama wa soko uliganda.

Tarehe 23

Wametoboa. Alumini inapotobolewa inalia mpaka kwenye meno. Rémy aliweka vipande vya dirisha ndani, chini ya ukingo, ili bati lisipasuke, akaweka mpira kati ya chuma na alumini, akakaza moja moja. Kazi safi. Kazi safi mahali pabaya.

Nilimsindikiza mpaka njiani. "Fundi, uliona na ukanyamaza?"

"Niliona, Mama. Lakini mutu muzima hawamukosoe mbele ya bibi yake. Na weye uliona, mbona hukusema?"

Aksanti sana, Rémy. Nimerudi nyumbani nikiwa na jibu lake tumboni.

Tarehe 27

Mvua. Nimetoa maji. Prudent alikuwa ameketi ndani ya boti chini ya mvua, ananitazama nikitoa.

Tarehe 2, mwezi wa tisa

Benchi ya katikati ilikuwa juu. Prudent alimwomba Rémy aishushe, na ili kuishusha ikabidi kutoboa chini pia, kwenye tumbo la boti. Baada ya Rémy kwenda, Prudent hakuiamini silikoni aliyozibia matundu. Aliitoa yote kwa kisu. Akanituma pamba na lami, akajaza matundu kwa kidole cha gumba. Halafu akasema tuijaze boti maji.

"Ya nini?"

"Ivimbe."

Mungu wangu. Kwetu ziwani mtumbwi mpya unazamishwa pembeni siku chache, mbao zinakunywa, zinavimba, zinafunga kila mwanya. Hata mimi nimewahi kukalia mtumbwi ili uzame. Lakini hii! Nilibeba ndoo toka bomba hata mgongo ukasema basi. Nilibeba kwa sababu alikuwa ametoa amri, na toka mwezi wa pili hajatoa amri.

Tarehe 5

Bado tunangojea alumini ivimbe. Chini ya boti kuna matope mazuri sana, bata wa Dorothée wamehamia.

Tarehe 6

Rémy amepita. Aliangalia maji yanavyochuruzika, akavua kofia. "Papa, hii hainywe maji. Hii ikitobolewa, imetobolewa."

Prudent hakukasirika. Aligusa tundu moja kwa kidole. Kisha akasema polepole, kama mtu anayeonja neno: "Ikitobolewa, imetobolewa. Iko muzuri." Rémy akarudisha silikoni yake.

Ni nini kilicho kizuri hapo? Dorothée anasema nimpeleke kwa wale mabwana wanaofukuza pepo. Nikamwambia pepo haogopi kelele za watu wasiolipa kodi ya nyumba. Alicheka, lakini mimi sikucheka.

Tarehe 13

Leo amegawa nyavu. Zote. Alikuja mtu wa Kasenyi, rafiki yake wa zamani, akapewa nyavu, maboya na koti la mvua lile refu. Nyavu zile nilizibeba kichwani siku ya kuja Bunia, nikaacha sufuria zangu nyuma kwa ajili ya hizo. "Za kazi gani kwangu?" alisema, basi. Yule mtu aliona haya kuzichukua. Aliniangalia mimi. Nikaangalia chini.

Baadaye Prudent aliuliza magari ya Tchomia, kule ziwani, yanapakia wapi siku hizi, na kama njia iko tulivu.

"Unaenda na nani?"

"Mvua ikipunguka, tutaona."

Mtu aliyeungama. Aliyegawa vyake. Ambaye ana boti yenye reli za mkono usiokuwapo. Ninaandika hivi viwekwe pamoja nivione. Haendi kuvua. Najua, na sitaki kuliandika lile neno lingine.

Tarehe 14

Mvua. Nimetoa maji. Nilitamani nisitoe, boti iozee hapa. Nasikia alumini haiozi.

Tarehe 18

Sijalala vizuri siku nyingi. Akigeuka kitandani nashika shati lake. Akienda msalani nasikiliza. Sokoni nilimpa mteja samaki wa mwenzake, nikatukanwa, na sikujibu, mpaka wamama wakaniuliza kama ninaumwa.

Nilijaribu jioni hii. Nikasema: "Baba Aimée, kama iko kitu mu roho yako, uniambie." Akaniangalia kwa upole, upole ule ndio uliniogopesha. Akasema: "Wakati bado."

Wakati gani, Prudent? Wakati gani?

Tarehe 24

Nimeona jiwe.

Nilikuwa nafagia nyuma ya nyumba, karibu na kuni, nikasogeza gunia. Chini yake kulikuwa na jiwe kubwa, la ukubwa wa kichwa cha ng'ombe, limefungwa kamba msalaba, vizuri, kwa mafundo ya ziwani. Kamba ina kitanzi mwishoni. Kwetu wavuvi maskini hufunga jiwe hivyo kuwa nanga. Lakini Edouard alituma nanga ya chuma, iko ndani chini ya meza, naiona sasa hivi. Na kitanzi cha nanga hakiwi kipana hivyo. Kile kinapita kichwa, kinafika kifuani.

Nilikaa chini katika majani mabichi. Nililia kimya, ngumi mdomoni, kwa sababu yeye alikuwa pale mbele anapangusa reli kwa kitambaa. Nilimchukia. Niseme kweli. Nilimchukia kwa kuungama kwa padre na kutoniungamia mimi niliyemwosha, niliyemkatia nyama, niliyemfungia suruali. Halafu nikaona aibu, halafu nikamchukia tena.

Nikapiga simu Aru, kwa Edouard. "Shemeji, kuja uchukue boti yako."

"Boti imekosa nini?"

"Boti haikosi kitu. Kaka yako anataka kwenda nayo asirudi."

Edouard, mtu wa maneno, alipunguza sauti. Akasema atakuja njia ikifunguka.

Tarehe 25

Jiwe bado liko pale. Nililivuta kulitupa, likanishinda. Nimerudisha gunia.

Tarehe 29

Mvua ya mawe. Njia ya Aru imekatika kwenye daraja. Nimetoa maji.

Tarehe 3, mwezi wa kumi

Mvua. Prudent ananiomba nikae tena kwenye benchi ya katikati, eti aone kama boti inalala upande. Inalalia wapi juu ya udongo? Nikakaa. Nilikaa kama mtu anayekalia kaburi. Aliniambia nishike kishikio, nikisukume mbele, nikikaze, nikilegeze, nikirudishe. Mara nyingi. "Polepole," anasema. "Tena." Nilijikunyata na yeye akadhani ni baridi, akaniletea kitenge.

Tarehe 10

Daraja limewekewa magogo, Edouard amefika na pikapu na wanaume wawili. Nitaandika yote, hata kama kalamu itaisha.

Alishuka na viatu vyake vya mpakani ndani ya matope yetu, akamkumbatia kaka yake, akasema bila hata kunywa maji: "Kaka, boti ninarudisha. Niko na kazi nayo."

Prudent alienda akasimama kati ya pikapu na boti. Mtu aliyekonda, shati linapepea upande mmoja.

"Ni nani alikuita?"

Edouard ni mwongo mzuri kwa wageni, lakini kwa kaka yake hawezi. Aliniangalia. Ikabidi nijitokeze. Nikasema: "Mimi. Nimemwita mimi. Sitaki ufe."

Wale wanaume wawili wakaenda kuangalia bata.

"Shemeji aliniambia yote," Edouard akasema, na sauti yake ilikuwa imevunjika. "Kaka, hata mimi mutu wa makaratasi naona. Reli iko kuume. Ulipimia nani? Ulipimia mukono gani?"

Prudent alininyoshea kidevu. "Nilimupimia huyu."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Mukono yake. Urefu yake. Benchi nilishusha kwa sababu miguu yake ilikuwa inaning'inia. Mimi nakaa nyuma, motere ni ya mukono wa kushoto, naiweza. Yeye anakaa katikati na fimbo. Nyavu inataka mikono ine, siye tuko na tatu. Njo maana nikagawa nyavu."

Edouard alicheka kwa hofu. "Mwanamuke? Ndani ya boti ya kuvua? Kaka, weye mutoto wa ziwa! Tangu lini? Watasema tumelaaniwa, samaki itakimbia, hakuna mutu atawapa hata kamba. Baba yetu muzee akisikia kule kwetu…"

"Njo maana sikusema," Prudent akajibu. "Neno ikitoka, familia inakaa kikao. Familia ikikaa, inasema hapana. Nilitaka reli ifungwe kwanza. Alumini ikitobolewa, imetobolewa."

Basi mimi nikawaka. Watu wangetegemea nianguke nimkumbatie. Aka, hapana! Nilimwambia kila kitu. Kwamba alinipima kama fundi wa majeneza, bila kuniuliza. Kwamba siogelei vizuri. Kwamba nilikuwa nashika shati lake usiku kama mtoto. Kwamba mwanaume wa kukaa kimya ni mzigo kuliko mwanaume wa kulewa. Dorothée alikuwa juu ya ukuta, mdomo wazi, hata hakujificha. Halafu sauti ikaniishia, likabaki swali moja tu.

"Na jiwe?"

Aliinamisha kichwa. Nilisikia bata, na matone yanaanza juu ya alumini.

"Jiwe ilikuwa yangu," akasema. "Nilifunga siku boti ilifika. Niliungama pia kwa ajili ile. Nilifikiri: nitapima reli, watu waone kama nataka kuvua, wasinifuate." Alifuta uso kwa bega. "Halafu ukakaa pale na chaki. Ukanyosha mukono. Nikaona mukono, Geneviève. Nikaona kazi inaweza kufanyika."

Hajawahi kuniita kwa jina mbele ya watu.

"Mbona hukulitupa?"

"Sikuwa na hakika. Siku zingine niko na hakika, siku zingine hapana."

Edouard alikuwa analia waziwazi, mikono kiunoni, mtu mzima wa mpakani. Lakini alisema: "Sasa njo zaidi ninachukua boti. Mutu hana hakika, na mnataka nimuachie maji?" Akawaita wale wanaume. Wakashika boti mbele na nyuma.

Nami nilikuwa ndiye niliyewaita! Niliona boti inainuka, nikaona uso wa Prudent unavyozima, kama vile ulivyokuwa toka mwezi wa pili, na nikajua kwamba pikapu ile ikitoka, jiwe litapata kazi hata bila ziwa. Bunia ina visima. Sikufikiri tena. Nilifunga kitenge, nikapanda ndani ya boti, nikakaa kwenye benchi ya katikati, nikashika reli.

"Shemeji, shuka."

"Sishuki."

"Shemeji, tutakuinua na boti."

"Muniinue. Mutanipitisha Mahagi, mutanipitisha sokoni, mutapita mbele ya parokia. Nitaimba."

Mvua ikaja yote. Wale wawili waliniachia wakakimbilia jikoni. Edouard alibaki ameshika pua ya boti, maji yanamtiririka mpaka kwenye viatu. Prudent alikuja na bakuli langu, akaingia nyuma yangu, akaanza kutoa maji kwa mkono wake wa kushoto. Maji yaliingia kuliko alivyotoa, lakini alitoa.

Mwisho Edouard akasema: "Mimi sisemi ndiyo. Wakiniuliza, mimi sikuona kitu."

Kabla ya kuondoka walilipakia jiwe kwenye pikapu, yeye na wale wawili. Anasema atalitupa kwenye daraja lililokatika, huko wanahitaji mawe.

Tarehe 11

Nimeumwa. Homa. Prudent amenipikia uji, umeungua. Nimekula wote.

Tarehe 20

Mvua kidogo. Dorothée hasalimii tena. Anasema ninataka kuvaa suruali. Nilimrudishia bata.

Tarehe 1, mwezi wa kumi na moja, Watakatifu Wote

Anaamka vizuri siku mbili, ya tatu analala uso ukutani. Leo ilikuwa ya tatu. Nilimwendea kwa hasira, nikamwambia fimbo ya pili haizungushi uzi, aje aione. Haikuwa kweli. Alikuja. Akaona inazungusha. Akabaki kuipaka mafuta hata hivyo.

Nilifikiri nikielewa kila kitu hofu itaondoka. Haijaondoka. Imebadilisha kiti tu.

Tarehe 16

Tuko Tchomia. Rémy alitusindikiza na boti juu ya gari la mchanga, akakaza kila kitu mara ya mwisho, akakataa kupanda boti. "Mimi ni mutu wa mulima," anasema.

Tarehe 17

Asubuhi tuliisukuma boti majini. Wamama wa kuchoma samaki walipiga vigelegele vya kunicheka. Wanaume hawakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mmoja aliyekuwa karibu nasi alivuta mtumbwi wake akaupeleka mbali. Nilikaa katikati nikiangalia vidole vyangu vya miguu. Matundu ya Rémy hayakuingiza hata tone.

Mbali kidogo na ukingo, Prudent alizima motere. Ziwa lilikuwa limetulia, ng'ambo ya Uganda haionekani. Aliniita.

"Mama Aimée. Yale mawazo yanarudi. Leo yanarudi."

"Hapa?"

"Hapa."

Nilipogeuka, nilimkuta amejifunga kamba kiunoni, kwa mkono mmoja na meno, na ncha ananinyoshea.

"Unifunge upande wako," akasema.

Nikachukua kile kishikio cha kamba, nikakisukuma katika reli mpaka kikagusa goti langu, nikakikaza kwa nguvu zangu zote. Mafundo ya ziwani siyajui. Nikafunga lile la mbuzi, ninalofunga siku za kupeleka mbuzi sokoni.

Aliliangalia. "Hii ni ya mbuzi."

"Mbuzi wangu hajawahi kupotea."

Akawasha motere, polepole, na mimi nikaweka ndoano majini kama alivyonifundisha. Tulienda hivyo muda mrefu, na mimi sikuangalia fimbo hata kidogo, nilikuwa naangalia kamba. Kwa hiyo fimbo ilipopinda na boti ikalala upande, sikujua ni samaki. Niliona tu Prudent anainamia maji. Nikapiga kelele, nikaachilia kila kitu, nikakamata kamba kwa mikono miwili nikaivuta kifuani. Fimbo ikatoka katika kishikio, ikaenda.

"Mama Aimée!" Alikuwa amesimama, mishipa ya shingo imetoka. "Ile samaki ilikuwa kapitene! Kapitene muzima! Nilikuwa naenda kuikamatia! Fimbo unaikazaka, unaikazaka mara mbili, nilikufundisha mwezi muzima, mwanamuke gani weye!"

Toka mwezi wa pili hakuwa amekasirika kwa ajili ya samaki. Alinigombeza mpaka tukafika ufukoni, wamama wote wakisikia, na mimi nikamwacha agombeze, kamba ikiwa bado mikononi mwangu.